Kengele Isiyo na Ulimi: Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi. Verna Oleskiw

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Bi. Verna Oleskiw, mpimaji wetu mkuu wa ultrasaundi, anastaafu baada ya kuitumikia Kliniki ya Uzazi ya Pellerin Court kwa miaka thelathini na mitatu. Alianza kazi Juni 1991, rangi ya kuta ikiwa haijakauka, na anaondoka wiki hiihii ambayo tumetangaziwa kwamba kuta zitapakwa upya. Mwenyewe anasema harufu ya rangi aliyokwisha kuivuta inamtosha.

Anayeandika ni mimi, Hildi Dueck wa mapokezi. Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu aandike daktari. Nikawaambia daktari ataandika ukurasa mmoja, na nusu yake itakuwa juu ya mashine. Mimi nimekaa hatua nane kutoka mlango wa Verna tangu mwaka 1998. Namjua kwa kikohozi chake, kwa viatu vyake, na kwa namna anavyofunga mlango akiwa na habari mbaya. Basi tulieni, niachieni mimi.

Verna alizaliwa kwenye shamba la ngano karibu na Dauphin, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikwisha mchagulia mume, jirani mwenye trekta mbili. Verna akapanda basi kuja Winnipeg na sanduku moja na chupa mbili za bitiruti za siki. Alisomea eksirei, akafanya kazi miaka kumi katika hospitali kubwa ng'ambo ya mto, kisha Dokta Gilles Lafrenière alipofungua kliniki yetu akamwita. Mashine ya ultrasaundi ya siku hizo ilikuwa kubwa kama friza la nyama, na picha yake ilikuwa chenga tupu, kama barabara ya Dauphin wakati wa tufani ya theluji. Verna husema ndiyo maana aliizoea haraka, maana barabara ile aliijua.

Kwa wageni waliokuja leo na familia zao, niseme kidogo kazi yake ni nini. Kwetu wanakuja watu waliohangaika miaka kutafuta mtoto. Mayai ya mama na mbegu za baba vinakutanishwa maabara, kisha kiinitete kinawekwa kwa mkono ndani ya mfuko wa uzazi. Mama anasubiri wiki mbili roho juu, anapimwa damu, na damu ikikubali anasubiri tena mpaka mimba itimize wiki ya sita. Hapo ndipo anapoletwa kwa Verna, ili ionekane mimba imetunga wapi.

Najua mnachofikiri. Si imewekwa ndani ya mfuko? Itakuwa wapi tena? Hata mimi nilifikiri hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikamuuliza Verna, akaniangalia kama mtu aliyekanyaga sakafu mbichi. Kiinitete kikishawekwa kinaweza kutangatanga, kikaingia kwenye mrija, kikatunga huko. Mrija hautanuki kama mfuko. Unakua nacho wiki mbili tatu, halafu unapasuka, na mama anavuja damu ndani kwa ndani wala hajui. Na kwetu kuna hatari nyingine. Zamani tulikuwa tunaweka viinitete viwili kwa mara moja, kwa hiyo kimoja kinaweza kukaa nyumbani na cha pili kikakaa nje. Hapo aliyeko nyumbani anamficha aliyeko nje, maana watu wakiuona moyo ukidunda kwenye kioo, nani anaangalia tena? Kila mmoja anatafuta simu ampigie bibi.

Verna anaangalia tena. Ukimuuliza mtu yeyote wa kliniki hii atakwambia habari za pande mbili. Akiingia kazini anatazama mfuko wa uzazi, kisha upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, na mpaka amalize hasemi neno na kioo hakigeuzi kwa wazazi. Anaigeukia mashine kama mtu anayesoma barua ya mwanawe aliye mbali. Nje ya kazi ni hivyohivyo. Mtaa wetu wa nyuma magari yanakwenda upande mmoja tu tangu serikali ilipouwekea lami, na bado Verna anasimama ukingoni akitazama kulia na kushoto. Nimewahi kumfokea: "Verna, huko gari litatoka wapi?" Akanijibu, "Kwa mpumbavu," akavuka.

Kimya chake hicho kilimletea maneno. Kuna mama mmoja mwaka 2006 alijaza fomu ya maoni hivi: "Nimelala pale dakika kumi na moja nikitazama dari. Dari lenu lina madoa ishirini na mawili. Mpimaji wenu hana hisia." Meneja wetu wa wakati huo, mtu wa tai na takwimu, akamwita Verna ofisini akamtaka apunguze muda na aongeze tabasamu. Verna alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nakala ya ile fomu, akaibandika kabatini mwake. Jumatatu iliyofuata tukakuta juu ya dari la chumba chake picha kubwa ya ng'ombe. Ng'ombe wa kwao Dauphin, mweusi, ameelekeza macho moja kwa moja kwa aliyelala kitandani, mdomo umejaa majani. Meneja alipouliza ile ni nini, Verna akasema, "Ni tabasamu." Tangu siku hiyo hakuna aliyehesabu madoa tena, na ng'ombe yule amepewa majina zaidi ya mia na wagonjwa wetu. Mafundi rangi wamekwisha onywa wasimguse.

Sasa niseme habari ya kengele, maana bila kengele wasifu huu ni porojo tu.

Mnaiona hapo mapokezi, juu ya kichwa changu. Ilikuwa ya shule ya zamani ya kijijini, Dokta Lafrenière aliinunua kwenye mnada karibu na Gimli akaitundika mwaka 1996 pamoja na kamba yake ndefu. Desturi ikawa kwamba wazazi wakishauona moyo wa mtoto wao wanatoka na kuipiga, na sote tunatoka vyumbani kupiga makofi. Wageni wanaokuja kwetu hushangaa kuikuta imekaa bubu. Ulimi wake, kile kipande cha chuma kinachoning'inia ndani na kugonga, huwa haumo. Ulikuwa mfukoni mwa koti la Verna kwa miaka ishirini na moja. Watu wakitoka chumbani kwake na furaha, Verna anawafuata nyuma, anatoa ulimi mfukoni, anaupachika mwenyewe, anaukaza kwa vidole, halafu anarudi zake ndani. Kengele ikishalia anakuja kuuchukua. Kamba yenyewe hajaishika hata mara moja.

Sababu yake haijawahi kuandikwa mahali. Naiandika mimi, kwa idhini ya Marivic na Rodel Dumalagan, ambao wamesoma kila mstari na kunisahihisha mara mbili.

Februari 2003 Marivic alikuwa na miaka thelathini na miwili, mshonaji wa makoti ya baridi kiwandani, na Rodel dereva wa basi la jiji. Walikuwa wametafuta mtoto miaka saba. Siku ya kipimo Rodel alikuja na sare yake ya kazi, ameegesha basi zima nje na bango la "Halichukui Abiria". Nilimwambia atafukuzwa kazi. Akasema, "Mama Hildi, leo wanifukuze tu."

Yaliyotokea ndani niliyasikia baadaye, Verna mwenyewe akiieleza tume ya kliniki. Aliuona moyo ndani ya mfuko wa uzazi, unadunda vizuri. Kwa siku zile kioo kilikuwa kinageuzwa papo hapo, ndiyo ilikuwa kanuni. Akakigeuza. Rodel akapiga kelele zilizofika kwangu. Sasa, sindano za matibabu yetu huzivimbisha ovari, zikajaa vifuko vya maji, na kando ya ovari ya kushoto Verna akaona kiduara kimoja cha ziada. Akasema moyoni, nacho ni kimojawapo cha hivyo hivyo. Akataka kukitazama tena kwa upande mwingine. Lakini mlango ukafunguliwa, na mlangoni pale amesimama mtu wa mapokezi anacheka, ameshika mwisho wa kamba ya kengele, anasema, "Njooni, njooni!"

Mtu huyo ni mimi. Marivic akainuka, akafuta machozi, akaja akaipiga kengele kwa mikono yote miwili mpaka vumbi likamwagika. Verna akazima mashine.

Siku tisa baadaye Marivic alianguka kwenye cherehani yake. Siku mbili kabla alikuwa akilalamika bega, akidhani ni uzito wa yale makoti. Haikuwa makoti. Mrija wa kushoto ulikuwa umepasuka, na damu inayojaa tumboni huweza kuuma mpaka begani. Walimpasua, wakautoa mrija, wakamwongeza damu chupa baada ya chupa. Alipona. Yule aliyekuwa ndani ya mfuko, ambaye tulimpigia kengele, hakubaki.

Verna alikwenda hospitalini. Wanasheria wa kliniki walimkataza, akaenda. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda akasema, "Nilikiona, nikadhani si kitu. Niliacha kuangalia." Marivic akageuza uso ukutani. Rodel akamwambia, bila ukali, "Nenda tu, dada. Nenda." Verna akarudi kliniki na koleo la baba yake la kukazia waya za uzio, akapanda juu ya kiti changu, akaung'oa ulimi wa kengele, akautia mfukoni.

Tume ya ndani ilipokaa, swali la tatu lilikuwa hili: ni nani aliyefungua mlango kabla kipimo hakijaisha? Nilikuwa chumbani humo, naandika kumbukumbu za kikao. Verna akawajibu, "Mashine ilikuwa mkononi mwangu." Wakaendelea na swali la nne. Nimelibeba jibu hilo miaka yote hii, na leo nalitua hapa mbele yenu wote. Mlango niliufungua mimi.

Baada ya hapo Verna alifanya mambo mawili. Alitengeneza fomu mpya ya kipimo cha kwanza yenye visanduku vitatu, mfuko, kulia, kushoto, na hakuna ripoti inayotoka mpaka vyote vitatu vijazwe. Fomu hiyo ndiyo tunayoitumia hata leo. Pili, akaacha kula chakula cha mchana pamoja nasi kwa karibu mwaka mzima. Alikula pirohi zake, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, peke yake garini, injini ikiwa inaunguruma kwa baridi. Siku moja nikachoka, nikaenda nikafungua mlango wa gari nikakaa. Nikamwambia, "Nipe moja." Akanipa mbili. Tangu siku hiyo hatujaacha kula pamoja, na hatujawahi kulizungumza jambo lile. Mimi niliogopa, na yeye, nadhani, alikuwa ananihurumia.

Haya. Septemba 2011 simu ikalia mezani kwangu. "Mama Hildi, ni Marivic. Marivic wa basi." Viinitete vyao viwili vya mwisho vilikuwa bado kwenye friza letu, na yeye alikuwa na miaka arobaini. Alikuwa akiweka akiba ya kuja tena. Alisema wataviweka vyote viwili, vikikataa basi, amekubaliana na Mungu wake. Halafu akaongeza, "Lakini wa kunipima ni Verna."

Nilipompelekea Verna habari hiyo alikaa chini. Akasema mpeni mtu mwingine, mpelekeni kliniki nyingine, Dokta mwenyewe ampime. Nikampigia Marivic nikampa majibu hayo kwa adabu zote nilizofundishwa kwetu Steinbach. Akanikatiza. "Mwambie hivi. Wengine wote hawajawahi kukosea mbele yangu, siwajui watafanya nini. Yeye namjua. Nataka yule aliyekosea." Nikamfikishia Verna neno kwa neno. Alitazama ng'ombe wake darini muda mrefu, kisha akasema, "Mpangie saa mbili asubuhi. Na asiwekwe mtu yeyote baada yake."

Vyote viwili vikawekwa, na damu ikakubali. Oktoba 20, wiki ya sita na ushei, wakaja. Rodel safari hii hakuja na basi, alikuja na suti. Nami nilifunga mlango wa moyo wangu na mdomo wangu, nikakaa juu ya mikono yangu miwili nisije nikagusa kitu.

Dakika tano zikapita, kumi zikapita. Kule ndani Verna alikuwa ameuona moyo ndani ya mfuko katika dakika ya kwanza. Akajaza kisanduku cha kwanza. Akaenda kulia, ambako ndiko kulikobaki mrija, akaufuata wote, mtupu kabisa. Akajaza cha pili. Dokta Lafrenière, ambaye hakuweza kukaa ofisini kwake, alikuwa amesimama nyuma yake. Akamgusa bega.

"Verna, yametosha. Geuza kioo."

"Bado kushoto."

"Kushoto hakuna mrija. Waliutoa wote."

"Kuna sanduku la tatu," Verna akasema, "na mimi sijalijaza."

Hapo, jamani, ndipo alipo Verna. Mtu mwingine yeyote, hata mimi, hata nyinyi, tungegeuza kioo. Mrija ukishatolewa utaangalia nini? Lakini daktari wa upasuaji akiutoa mrija hubakiza kigutu kidogo pale unapoungana na pembe ya mfuko wa uzazi, na kigutu hicho ni kifupi kuliko kucha. Dokta alilijua hilo vizuri kuliko sisi sote; ila moyo ulikuwa umekwisha mdunda kwa furaha. Verna akakiinamisha kifaa, akamwomba Marivic ainue nyonga kidogo, akasubiri. Akakiona. Pete ndogo, nyeupe ukingoni, imejibanza ndani ya kile kigutu. Na ndani ya pete kitu kinapepesa.

Mahali pale pakipasuka, damu huja kwa kasi kuliko hata mrijani. Wote waliokuwa chumbani walilijua hilo, isipokuwa wawili.

Verna hakuficha kitu. Alikigeuza kioo, akashika kifundo cha mguu wa Marivic, maana ndicho kilichokuwa karibu, akasema, "Dada, wapo wawili. Mmoja yuko nyumbani, mzima, moyo wake huu hapa. Wa pili yuko upande wa kushoto, palepale. Huyo hawezi kukaa, na asipotolewa leo atakuua wewe pamoja na mwenzake. Leo, Marivic. Si kesho." Rodel akasema, "Lakini walisema kushoto hakuna kitu!" Verna akasema, "Najua walivyosema."

Marivic hakulia. Aliuliza swali moja: "Huyu wa nyumbani atabaki?" Verna angeweza kumdanganya, na Mungu angemsamehe. Akasema, "Sijui. Najua tu kwamba safari hii tumewahi."

Walimtoa kwa mlango wa nyuma, kwenye machela. Mimi nilishika mlango. Alipopita akanitazama, akainua kidole kuelekea mapokezi ambako kengele ipo, akatikisa kichwa. Nikaelewa. Verna alipanda naye kwenye gari la wagonjwa akiwa na koti la kazi na kandambili, nje nyuzi tatu juu ya sifuri, na hakurudi mpaka kesho yake. Saa nane mchana walimpasua kwa vijitundu vidogo, wakakiondoa kile cha kushoto kikiwa bado hakijapasuka, wakashona pembe ya mfuko. Wa ndani akawa bado yupo. Kisha zikaja wiki ambazo hakuna mtu kliniki hii aliyepumua sawasawa. Kila Alhamisi Marivic alikuja, kila Alhamisi Verna alimpima, na kila Alhamisi Rodel alitoka akiniinulia dole gumba bila kusema kitu, akihofia kusikika.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Mei 2012 kwa upasuaji uliopangwa, msichana, mapafu kama honi ya basi. Wakamwita Vernadel, Verna wa mbele na Rodel wa nyuma. Verna aliposikia alikasirika hasa. "Mtoto amewakosea nini?" akasema, akaenda zake chooni, akakaa huko dakika ishirini. Kila mwisho wa Mei tangu hapo huletwa sinia la lumpia, zile sambusa ndefu za kuviringisha, hapa mapokezi, na Verna hujifanya hazipendi mpaka zibaki tatu.

Siku hizi tunaweka kiinitete kimoja kwa mara moja kwa karibu kila mama, na matukio kama lile la Marivic yamekuwa adimu kuliko zamani. Vijana wakasema basi kipimo nacho kifupishwe. Verna akawajibu kwamba hata mmoja ana miguu. Amefundisha wapimaji kumi na wanne, wa mwisho wao Shawna Bighetty anayerithi chumba chake, na wote ukiwatazama wakivuka mtaa wetu wa nyuma utawatambua. Kwenye fomu, chini ya kisanduku cha tatu, kuna mstari ulioongezwa kwa mkono wake mwaka 2011, sasa umepigwa chapa: "Jaza hata kama mrija ulitolewa." Wapo akina mama wanaotembea mjini hapa na hawajui kwamba mstari huo ndio uliowaokoa.

Kuna moja tu lililobaki. Jumatatu hii nilipofika kazini nilikuta kopo la majarini juu ya meza yangu. Verna huniletea pirohi humo, kwa hiyo nikalifungua kwa tamaa kabla hata ya kuvua koti. Ndani mlikuwa na leso, na ndani ya leso ulimi wa kengele, umeng'aa kwa kukaa mfukoni. Nikamfuata chumbani kwake. Nikamwambia, huu mpe Shawna, yeye ndiye mpimaji. Verna hakugeuka kutoka kwenye mashine.

"Shawna ana macho," akasema. "Wewe ndiye mwenye haraka. Utunze wewe."

Miaka ishirini na moja hakuwahi kulitaja jambo lile, na alipolitaja, alilitaja hivyo. Nilikwenda chumba cha fotokopi nikalia mpaka mashine ikaishiwa karatasi. Nikiutazama ule ulimi nikakumbuka kwamba kuna mtu tunayemdai mlio. Mara ya kwanza aliipiga kengele kabla ya wakati kwa sababu yangu, na mara ya pili alipitishwa mlango wa nyuma. Nikampigia simu Marivic. Nikamwomba aje Ijumaa saa tisa alasiri aipige, na kwa mara ya kwanza nikamwambia pia ni nani aliyefungua mlango siku ile.

"Mama Hildi," akasema, "nilikuwa nimelala nimeuelekea mlango. Unadhani sikukuona?" Halafu akasema atakuja, na Rodel na Vernadel, na sinia mbili za lumpia. "Ila sipigi peke yangu. Niliipiga peke yangu mara moja, yakatosha. Dada Verna ashike kamba pamoja na mimi, la sivyo nakula keki yenu naondoka."

Basi, Verna, najua umekaa mstari wa mbele na miwani ya kusomea, umeukunja uso, unatafuta makosa. Kwa niaba ya kila aliyefanya kazi na wewe, na ya watoto waliozaliwa na mama zao wakiwa hai, tunakushukuru. Tunakuombea mapumziko marefu huko Dauphin, magoti yasiyouma, majira ya baridi yasiyo na ukatili, na watu wa kukuletea lumpia mpaka zibaki tatu. Kopo lako la majarini nimelirudisha garini mwako, lina keki.

Ulimi nimekwisha kuupachika. Nimeukaza kwa koleo, na Shawna amekagua kulia, akakagua na kushoto. Marivic amesimama kwenye kamba anakungoja. Inuka, uishike. Kengele ikilia usiangalie upande wowote, Verna. Sikiliza tu.